Jambazi Anayebisha Hodi

Kwa miaka kumi na minne Jambazi Hodi alikuwa ameiba kila kinachoibika: taji la malkia, treni nzima na mabehewa yake, hata saa ya mnarani. Lakini hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi mara tatu. Akijibiwa karibu, basi kazi imeharibika, maana mgeni hamwibii mwenyeji wake. Anakunywa maji, anaaga, anakwenda zake mikono mitupu. Tena hampigi mtu kisogoni, wala hasemi uongo. Mpinzani wake, Kapteni Radi, shujaa mwenye misuli mpaka masikioni, hakuwa na masharti yoyote, na wasomaji wa jarida la katuni lililowachapisha wawili hao walimpenda jambazi kuliko shujaa.

Aliyemchora ni mwanamke mmoja mfupi, mwepesi wa hasira, ambaye wenzake ofisini walimwita Raba, kwa kuwa alifuta kuliko alivyochora. Siku hiyo hasira zilimpanda mpaka utosini, kwa sababu ya mhariri mpya.

"Hodi ataingia wodi ya watoto, kimyakimya, aibe dawa," mhariri alisema. "Radi amkute, ammalize. Basi."

"Haingii bila hodi."

"Dada yangu, mwizi ni mwizi tu. Mwizi mwenye heshima umemwona wapi? Kama hutaki, kurasa zako nampa mwingine. Nataka kazi kesho saa sita mchana."

Raba alirudi nyumbani akajifungia sebuleni na penseli. Alichora akiuma meno. Katuni ile ndiyo iliyokuwa ikimweka mjini, na bila Hodi hakujua angekuwa nani. Kufika alasiri ukurasa ulikuwa umekamilika: jambazi ananyata kati ya vitanda, begani ana mfuko wa dawa, na mlango nyuma yake uko wazi.

Baba yake akaingia na vikombe viwili vya chai. Alikuwa ametoka gerezani miaka miwili nyuma, baada ya kutumikia tisa kwa kuvunja nyumba za watu. Sasa alitengeneza vitasa kwenye kibanda cha jirani, kazi iliyowavunja mbavu wote wawili siku alipoipata. Ofisini hakuna aliyelijua hilo. Raba alikuwa amewaambia kwamba baba yake alikuwa akifanya kazi nchi za mbali, akawa anaomba Mungu wasimwulize nchi gani. Kila wiki mzee alisoma jarida kutoka jalada hadi jalada, akalikunja, asitie neno.

Leo alitia. "Huyu nani?"

"Hodi, baba."

"Huyu siye."

"Ndiyo kazi niliyopewa. Usinichanganye."

Mzee akaketi, kikombe mkononi. "Kule ndani jarida lako lilitufikia limechakaa, halina hata jalada. Tulikuwa watu kumi na sita chumba kimoja. Tukaanza kwa utani tu: mtu akitaka kupita kwenye mkeka wa mwenzake, anagonga sakafu mara tatu. Baada ya mwezi haikuwa utani tena. Watu waliokuwa wakitoana damu kwa kipande cha sabuni wakawa wanaombana njia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nianzie wapi? Nilikuwa najigamba kwao kwamba mchoraji ni binti yangu. Hakuna aliyeniamini."

Raba akatamani ardhi ipasuke. Mzee alikuwa akijivunia binti yake mbele ya wafungwa, na binti huyo akamficha mbele ya watu watatu wa ofisini. Alifuta ukurasa mzima, akaanza upya, na chai ikapoa.

Kesho yake asubuhi alisimama mlangoni pa chumba cha baba yake. "Vaa viatu, baba. Tunakwenda kazini kwangu."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kimoja kilichojaa meza, mafaili na harufu ya wino. Mhariri aliutazama ukurasa mpya. Hodi yuko mlangoni pa wodi, amebisha mara tatu, watoto wamelala, hakuna anayemjibu. Anasubiri. Radi anamnyatia kwa nyuma, ngumi juu; anamwona anavyosubiri, na ngumi inashuka yenyewe bila kumpiga.

"Hapa hakuna kinachotokea!" mhariri akafoka. "Mwizi gani anasubiri mlangoni? Wewe wezi unawajulia wapi?"

Raba alimvuta mbele mzee aliyekuwa amesimama nyuma yake. "Huyu ni baba yangu," alisema. "Niliwadanganya. Hakuwa nchi za mbali. Alikuwa gerezani miaka tisa, kwa wizi."

Mtia wino, mama mnene mwenye vidole vyeusi aliyekoleza michoro ya penseli, akaweka brashi chini. Mhariri alikosa pa kuweka macho, mwishowe akayaweka kwa mzee.

"Na wewe, mzee, ulikuwa unabisha hodi?"

"Hata siku moja," mzee akasema. "Nyumba ya mwisho alikuwemo bibi kizee. Akaamka, akauliza, 'Mwanangu, ni wewe?' Swali hilo nimelala nalo miaka tisa. Hodi nilifundishwa na huyu binti, nikiwa nimeshachelewa. Wengine hawajachelewa, na wanakusomeni."

Mhariri akajikuna shingo. Akausoma ukurasa tena, polepole, kisha akausogeza kwa mtia wino. "Toleo hili moja. Barua za matusi zikija, Raba, utazijibu wewe."

"Nitazijibu zote."

Mzee alikuwa ameinamia ukurasa, miwani puani. "Naweza kusema neno?"

"Sema tu, mzee."

"Kitasa na bawaba viko upande mmoja. Mlango huu haufunguki hata kwa baruti."

Mtia wino akarukia matoleo ya zamani rafuni, akafungua moja, la pili, la kumi. Milango yote ilikuwa vilevile. Miaka kumi na minne ya katuni ya wizi, na hakuna aliyeona! Mhariri ndiye aliyeanza kucheka, na mtia wino akalazimika kushika meza.

Raba, machozi ya kicheko na mengine yakimlenga, akavuta kiti cha pili mezani pake.

"Kaa hapa, baba," alisema. "Nionyeshe kitasa kinakaa wapi."