Dubu wa Ngoma Mlangoni

Juu ya kabati la ukumbini alikaa dubu mwenye ngoma kifuani, manyoya yamemtoka goti moja, sikio limeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Kando yake lilisimama roboti la bati lenye macho mekundu, kisha bata wa plastiki ambaye zamani alivutwa kwa kamba akawa analia huku akibingirika. Ukiwatazama upesi ungedhani ni midoli iliyoachwa na mtoto aliyekua. Ukichungulia migongoni mwao ungeona waya nyembamba zikiteremka nyuma ya kabati, zikifuata ukuta hadi chini ya mkeka uliotandikwa mbele ya mlango wa nje.

Kazi hiyo ilikuwa ya mjukuu wa nyumba ile, binti aliyemaliza chuo akisomea elektroniki, ambaye mtaa mzima ulimwita Waya. Kazi ya kuajiriwa alikuwa bado anaitafuta. Kwa sasa alitengeneza simu na redio za majirani katika chumba cha nyuma, na alimtunza bibi yake, kwa kuwa mama yake alikuwa mwoka mikate na alitoka nyumbani mapema.

Bibi alikuwa amefanya usafi wodini maisha yake yote ya kazi. Sasa kumbukumbu zilikuwa zinamtoka kidogo kidogo. Aliweza kukaa asubuhi nzima akichambua mchele bila kukosea hata punje, kisha ghafla akasimama, akachukua dekio lake la zamani nyuma ya mlango wa jikoni, akaondoka kwenda hospitali ambako hakuna aliyekuwa akimngoja. Siku moja walimkuta amekaa ukingoni mwa barabara kuu, miguu mitupu, dekio mapajani, magari yakimpita karibu kiasi cha kupeperusha khanga yake.

Habari hizo zilipomfikia Mjomba, kaka mkubwa wa mama yake Waya, alipiga simu jioni ileile.

"Namchukua. Nimeshaandaa chumba. Kina dirisha, kina kitanda kizuri. Na kufuli nimenunua."

"La ndani au la nje, Mjomba?"

"La nje, mpwa wangu. Unataka nifanyeje? Nimzike?"

Waya alimfikiria Bibi akigonga mlango kwa ndani, akiomba radhi kwamba anachelewa zamu. Akaomba nafasi moja tu: Mjomba aje Jumamosi, aone kama mlango unaweza kulindwa bila kufungwa. Mjomba akakubali kwa sauti ya mtu anayekubali ili amalize mazungumzo.

Ndiyo maana midoli ikashushwa kutoka kwenye sanduku la darini. Waya angeweza kutumia kengele ya kawaida, lakini alikwisha kuona jinsi mlio mkali unavyomfanya Bibi atetemeke na kujificha nyuma ya pazia. Dubu alipiga ngoma polepole, tum, tum, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kwa Bibi, huyo alikuwa mgeni anayefahamika. Chini ya mkeka Waya aliweka karatasi mbili za alumini, katikati yake sifongo iliyotobolewa matundu. Mtu akikanyaga, karatasi zinagusana, umeme unapita, dubu anaamka.

Alijaribu mwenyewe, akamjaribisha mama yake, hata paka wa jirani alipita na bata akamlilia. Waya hakumjaribisha Bibi. Aliona si heshima kumfanyia mzee majaribio kama panya.

Jumamosi Mjomba alifika na shati lililonyooshwa na begi tupu la nguo. Begi hilo alilitua karibu na kiti cha Bibi, na macho ya mama yake Waya yakakataa kulitazama.

"Shikamoo, Mama," Mjomba alisema, akiinama.

"Marahaba, daktari," Bibi akajibu kwa unyenyekevu. "Wodi ya pili nimeshamaliza."

Mjomba alinyooka taratibu. Alijikohoza, akageukia midoli kama mtu anayetafuta pa kuweka uso wake.

"Huyu si dubu wangu?"

"Ndiye," alisema mama yake Waya. "Ulilala naye hadi ukaota ndevu."

"Muongo mkubwa wewe. Haya, mpwa wangu, hebu nione huo uchawi."

Akakanyaga mkeka. Dubu akainua mikono, tum, tum. Macho ya roboti yakawaka. Bata akalia kwa sauti ya kukwaruza, kama amekabwa na ubwabwa. Mjomba alirudi nyuma, akakanyaga tena, na kicheko kikamtoka bila ruhusa yake.

"Bata anahitaji dawa ya kifua," alisema.

"Mke mwenzangu ana akili," Bibi akasema kutoka kitini, akimwonyesha Waya kwa kidole. Kwa dakika hiyo alikuwa amerudi kwao mzima mzima. "Mume wetu kaoa vizuri mara mbili."

Walicheka wote. Wakahamia chumba cha nyuma, Mjomba apate kuona jinsi waya zilivyounganishwa. Waya alimweleza kwa bidii, pasi ya lehemu mkononi, jinsi alivyotoa mota ya dubu na kuipunguza kasi, jinsi betri moja ingedumu muda mrefu. Mjomba alianza kuuliza maswali ya kweli. Mama yake Waya alisimama mlangoni na sinia la vikombe, uso umelainika. Ilionekana kama jambo limekwisha.

Kisha akageuka kwenda kumpelekea Bibi chai, na wakasikia sinia likitua chini kwa kishindo.

Kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa nje ulikuwa wazi. Juu ya kabati dubu alikaa kimya, mikono chini, na roboti lilitazama mbele kwa macho yaliyozimika.

Mjomba alitoka mbio, Waya nyuma yake, mama akabaki endapo Bibi atarudi. Pembeni mwa mtaa fundi viatu aliinua kichwa kabla hawajauliza.

"Bibi kapita hapa sasa hivi na dekio lake. Nikamwambia karibu, kasema mkuu wa zamu atamgombeza. Kaelekea kwenye yale maofisi."

Waya alikimbia akiisikia pumzi yake mwenyewe. Alijaribu mara ngapi? Betri ilikuwa mpya. Dubu alikuwa amepiga mbele ya macho yao wote. Machozi yalimjaa kwa hasira, si kwa Bibi wala kwa Mjomba. Aliliona lile begi likijazwa khanga, moja baada ya nyingine.

Walimkuta kwenye ujia mrefu wa jengo la ofisi, milango imefungwa kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Alikuwa akisukuma dekio kavu sakafuni, mbele na nyuma, kwa mwendo mzuri usio na haraka. Mjomba akafanya kumkimbilia.

"Wewe!" Bibi alifoka. "Pita pembeni! Hapo hapajakauka."

Mjomba akasimama ghafla. Mtu mzima mwenye mvi, viatu vya ngozi, alirudisha mguu mmoja, kisha mwingine, akaenda hadi ukutani. Akaweka kiganja ukutani. Akaanza kumwendea mama yake akipita ukingoni kabisa, bega likikwaruza chokaa.

Waya alimtazama. Akatazama miguu ya Bibi. Nayo ilikuwa imebana ukuta, pale ambapo dekio halijapita.

"Hakanyagi katikati," Mjomba alisema bila kugeuka, sauti imemkauka. "Hajawahi. Nikiwa mdogo alikuwa ananichukua kazini, nakaa kwenye benchi na yule dubu. Nikitaka kumfuata, nishike ukuta. Katikati ni pa wagonjwa na pa maji. Nyumbani vilevile, tulikuwa tunapita pembeni kama mende. Nilishasahau. Yeye kasahau jina langu, lakini hili hajasahau."

Bibi alimpa ncha ya dekio aishike. "Usilie wodini," alimwambia. "Wagonjwa wataogopa."

Waliporudi nyumbani Waya alipiga magoti penye mkeka. Kati ya mkeka na ukuta palikuwa na nafasi ya unyayo mmoja, na hapo ndipo Bibi alipopita. Angeweza kutandika mkeka mpana zaidi. Lakini alikaa hapo sakafuni akifikiri, kisha akamuuliza mama yake, "Ameshawahi kutoka bila dekio?"

"Kamwe. Aende kazini mikono mitupu?"

Basi wakaondoa mkeka. Mjomba alivua saa, akakunja mikono ya shati, akashika tochi na waya huku Waya akifungua tumbo la roboti na kutoa springi yake. Nyuma ya mlango wa jikoni Bibi alitundika dekio siku zote kwa namna moja, kichwa juu likauke, kama walivyoagizwa hospitalini. Waya alifunga springi kwenye kile kitundikio. Dekio likikaa, uzito unaibana, dubu analala. Likiinuliwa, springi inapanda, umeme unapita.

"Na atanyamaza lini?" Mjomba aliuliza.

"Likirudi mahali pake."

Jua lilikuwa limeanza kuelemea upande mmoja Bibi aliposimama tena. Walimsikia akienda jikoni akijisemesha kuhusu zamu. Kisha kutoka juu ya kabati ikaja, tum, tum, polepole, na macho mekundu yakawaka.

Mama yake Waya aliinuka. Mjomba akamshika mkono. "Kaa, dada. Umesimama wiki nzima." Akalisogeza begi tupu kwa mguu, likaingia chini ya kiti, akavaa viatu.

"Unaniruhusu nifuatane nawe, Mama?"

Bibi alimpima kuanzia juu hadi chini. "Wewe ni mgeni kazini?"

"Ndiyo, mama."

"Basi shika ukuta."

Wakatoka. Waya aliwatazama kutoka mlangoni hadi walipokata kona, mmoja nyuma ya mwingine, wakifuata kuta za nyumba za watu. Alirudi ndani. Swichi ya kumzimisha dubu ilikuwa karibu na mkono wake, na mama yake alikuwa amechoka, na nyumba ilikuwa ndogo kwa ngoma. Hakuizima. Wote wawili walikaa wakisikiliza, tum, tum, chai ikipoa vikombeni, hadi mlango ulipofunguliwa, nyayo zikapita pembeni mwa ukuta kuelekea jikoni, na dubu akashusha mikono yake.