Mazishi ya Sungura wa Kitambaa

Jamila aliporudi kijijini Baleni na filamu aliyoitengeneza mwenyewe, shangazi yake Arafa alisikia tu kwamba inahusu kipindi cha watoto cha televisheni, akaalika majirani waje alasiri na watoto wao. Jamila akaomba watoto warudishwe nyumbani. Arafa hakuelewa kwa nini.

Filamu ilionyeshwa katika darasa la shule, madirisha yakiwa yamefungwa ili kupata giza. Kwenye filamu, sungura wa kitambaa alionekana akiwafundisha watoto wa kipindini kuhesabu. Kisha bosi wake akamfukuza kazi, sungura akafa kwa kihoro, na watoto walewale wakahesabu kila koleo la mchanga lililoingia kaburini, wakiimba na kupiga makofi. Wanaume waliokaa nyuma ya darasa wakaangua kicheko. Bi Hasina, jirani yao, akainua mikono kumwombea sungura dua. Mama mmoja akatoka akisonya. Arafa alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akaona haya, asijue machozi yale ni ya nini hasa.

"Shangazi, umeionaje?" Jamila aliuliza baadaye.

"Wallahi sijui, mwanangu. Nimecheka msibani."

Jamila akamkumbatia kwa furaha, kana kwamba hiyo ndiyo sifa aliyoitaka. Arafa akazidi kuchanganyikiwa.