Shuka Nyuma ya Msimamizi

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, msimamizi wa kiwanda cha kufulia nguo alifungua boksi jeusi juu ya meza ya kukunjia, akatoa miwani ya video. Ilikuwa na waya mwembamba unaoshuka nyuma ya sikio mpaka kwenye kijisanduku cha kutia mfukoni, vipira viwili vya kukalia puani, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nane. Duka lilikuwa limempa aijaribu kwa siku saba. Akiipenda anabaki nayo, asipoipenda anairudisha na boksi lake.

"Ukiivaa unaona skrini ya sinema nzima," aliwaambia wakunjaji. "Iko kama hatua sita mbele yako. Filamu, mpira, mbio za magari, utakacho. Na hakuna mwingine anayeona."

"Sasa hiyo ni miwani ya kuonea au ya kujifichia?" aliuliza Mama Kanji.

 Msimamizi alipanda kwenye kiti chake kirefu kando ya mashine ya kupiga pasi, akahangaika na vipira vya pua, akazungusha kigurudumu cha kusafisha picha, akalalamika kwamba pembeni kuna ukungu na kwamba kwa chini bado anaviona viatu vyake mwenyewe. Kisha akatulia, isipokuwa magoti. Magoti yalicheza wakati wote alipokuwa ameivaa. Alianza filamu ya vita, akaiacha. Akaanza ya vichekesho, akaiacha. Mwishowe akachukua kijiti cha kuchezea na kuingia kwenye mbio za magari.

Kiwanda kile kilifua mashuka ya hospitali mbili na nyumba kadhaa za wageni. Kilikuwa na mashine sita za kufulia, mbili za kukamulia, moja ya pasi yenye rola pana kuliko kitanda cha watu wawili, na madirisha manne. Matatu yalizibwa kwa matofali mwaka ule wafanyakazi walipoonekana wakitazama nje. Mwaka huohuo waliahidiwa feni. Feni haijaja.

Mbele ya rola ulilala ufito wa chuma uitwao kinga. Kidole kikiigusa, mashine inasimama. Na juu ya rola, ukutani, palikuwa na bango: mwanamke aliyegeuza shingo, mdomo wazi, mkono karibu na rola. Chini yake iliandikwa: UZEMBE UNAUA. MFANYAKAZI NAMBA 41 ALIONDOA KINGA MWENYEWE HUKU AKIPIGA SOGA. Kila Jumatatu kabla ya kazi bango lilisomwa kwa sauti kubwa, na wafanyakazi wapya waliambiwa walirudie.

Namba 41 aliitwa Chiriku, kwa sababu ya maneno yake mengi. Dada yake mkubwa bado alikunja mashuka hatua tano kutoka kwenye rola hiyo, na humo ndani hakuwa na jina ila Dada wa Chiriku. Jumanne ile ajali ilipotokea, yeye alikuwa chumba cha kukaushia, na Mama Kanji alikuwa nje akipakia lori. Aliyekuwepo ni msimamizi, na msimamizi ndiye aliyejaza fomu ya ajali. Kwa miaka miwili dada mtu alikuwa amesikiliza bango likisomwa mara mia moja na mbili. Jumatatu mbili zilikuwa sikukuu. Aliuandikia uongozi barua tatu akiomba liondolewe. Zote zilijibiwa kwa sentensi moja ileile, ila katika ya tatu koma ilikuwa imehama. Nyumbani, mama yao alimsubiri mlangoni kila Jumatatu jioni, akiwa amesimama, na swali moja.

"Lipo?"

"Lipo, mama."

Shuka hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, mnarudi nyuma mpaka livutike, kisha mnaelekeana, mikono inakutana, na mmoja anapokea pembe za mwenzake. Zamani mwenzake alikuwa Chiriku. Sasa alikuwa Mama Kanji, ambaye magoti yalimsumbua, kwa hiyo hawakukutana katikati hata siku moja.

Saa tatu na robo waliinua shuka la hospitali nyuma ya kiti cha msimamizi. Picha ikatoka kisogoni kwake, ikapanuka, ikaangukia juu ya shuka.

"Vuta upande wako," alisema Mama Kanji. "Imejikunja."

Dada wa Chiriku alivuta. Vidole vya msimamizi vilikuwa vikibonyeza kijiti, mwili ukiinama kushoto na kulia kwenye kona za barabara asizoziona mtu mwingine. Kwenye shuka hapakuwa na gari. Palikuwa na mashine ya pasi ikitazamwa kutoka juu, kalenda ukutani ikionyesha Jumanne ile ya miaka miwili nyuma, na mkono wenye saa ya msimamizi ukiifunga kinga kwa waya ili isicheze. Pembeni picha ilikuwa na ukungu. Kwa chini vilionekana viatu vyake.

Baada ya dakika chache msimamizi alisema kichwa kinamgonga, akavua. Picha mpya zikakoma, lakini zilizokwisha kuanguka zilibaki kwenye shuka. Walilipeleka kwenye maji ya moto na dawa ya madoa. Likatoka jeupe, linanukia sabuni, mkono ukiendelea kufunga waya. Wakalipiga pasi, wakalikunja, wakaliweka kwenye furushi la wodi ya pili, kwa sababu lori lilikuwa linapiga honi.

Jumanne picha za msimamizi zilifika mbali zaidi kidogo. Alikuwa akitazama fainali ya mpira. Kwenye shuka Chiriku aliingia akitembea upesi kama kawaida yake, akafunga kitambaa kichwani, akasimama mbele ya rola, akaanza kulisha mashuka. Dada yake alishika pembe zake mbili na hakuweza kusimama mahali pamoja. Alisogea mbele, akarudi, akasogea.

"Tulia, mwanangu," alisema Mama Kanji. "Unamtikisa."

Jumatano Chiriku alifanya kazi tu. Alhamisi aligeuza shingo.

Mtu wa nje angeona mdomo unacheza na kuishia hapo, maana picha haikuwa na sauti. Sauti ilibaki masikioni kwa msimamizi. Lakini katika kiwanda kile hakuna aliyekuwa akimsikia mwenzake. Mashine za kukamulia zilikuwa zimeyala masikio ya watu, mengine kwa miaka mitano, mengine kwa ishirini. Walisoma midomo. Ukitaka kumwambia mtu jambo, unamgeuzia uso, vinginevyo hujasema kitu. Chiriku alimgeuzia uso aliyekuwa ameketi kwenye kiti kirefu.

"Bosi, nani amefunga waya kwenye kinga?" ilisema midomo yake.

Akatulia, akimsoma midomo. Kisha: "Wewe?"

Kisha: "Na mkono ukiingia?"

Msimamizi alivua miwani, akasugua macho, akauliza kwa nini mashuka yanachelewa.

"Soga hiyo," alisema Mama Kanji, akitazama bango. "Kumbe ndiyo soga yenyewe."

 Dada wa Chiriku alikuwa akifahamu tangu siku ya kwanza kwamba mdogo wake hakuondoa kinga. Alikuwa hajui tu ile shingo iligeukia nini. Siku hiyo alitembea kutoka kazini mpaka nyumbani badala ya kupanda gari, na alipofika alizunguka nyumba mara mbili kabla ya kuingia.

Jumamosi mkaguzi wa usalama kazini alikuja, kama alivyokuja kila mwaka, akiongozana na mkurugenzi. Walifika kwenye mashine ya pasi saa nne.

"Bosi," alisema Mama Kanji, "si uwaonyeshe wageni miwani yako."

Msimamizi alifurahi. Alieleza habari za hatua sita na skrini ya sinema nzima, akasema hasara yake ni pua tu, akaivaa ili waone inavyomkaa. Nyuma yake Dada wa Chiriku na Mama Kanji waliinua shuka jipya, lile pana la chumba cha upasuaji, wakalivuta mpaka likawa kama ukuta. Mkurugenzi aliagiza viti viwili.

Walitazama tangu mwanzo: waya, kitambaa, mashuka, shingo, maneno. Mkaguzi aliomba asomewe midomo, Mama Kanji akamsomea. Kisha wakaona yaliyobaki. Shuka lililokuwa likilishwa lilijikunja na kuuzonga mkono wa Chiriku kwenye kifundo. Mkono ulikwenda na shuka. Kiwiko kiligonga kinga, na kinga haikucheza. Mkono wenye saa ukashuka kutoka kwenye kiti kirefu. Ulifungua waya kwanza, ukautia mfukoni. Kisha ndipo ukabonyeza kitufe chekundu.

Dada wa Chiriku hakushusha pembe zake.

Mkaguzi alimgusa msimamizi begani, naye akavua miwani, akageuka kutazama shuka, ambalo lilikuwa limeanza tena tangu mwanzo.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi," alisema msimamizi. "Siku ile mizigo ya hospitali zote mbili ilikuja pamoja. Kinga ilikuwa inasimamisha mashine kila baada ya dakika."

"Mbona haya hayamo kwenye ripoti?"

"Fomu iliuliza marehemu alikuwa akifanya nini. Haikuuliza mimi nilikuwa nikifanya nini."

Mkaguzi alifikiri, akakiri kwamba ni kweli; fomu ile aliitunga yeye. Akauliza shuka ni la nani. Akaambiwa ni la hospitali. Akasema basi ushahidi ni mali ya mteja, na ofisi yake haina mamlaka ya kukamata mali ya mteja. Mkurugenzi aliuliza kama mteja amelalamika. Mteja alikuwa hajalalamika. Mkaguzi akafungua fomu ya mwaka huo, akafika kwenye mstari unaouliza kama kinga ipo, akanyanyua macho. Ilikuwepo. Akaweka alama ya vema.

"Mimi nataka kitu kimoja," alisema Dada wa Chiriku. Mikono yake ilikuwa bado juu. "Bango lile litoke."

Mkurugenzi alilisoma bango kwa makini, mpaka chini, kama mtu anayeliona mara ya kwanza.

"Uzembe unaua," alisema. "Si kweli, dada yangu?"

"Ni kweli."

"Sasa?"

"Uzembe wa nani?"

"Ah," alisema mkurugenzi. "Bango likianza kutaja watu, litakosa ukuta."

Akasimama, akawapa pole kwa kazi, wakaenda kukagua choo.

Wiki iliyofuata ukuta wa nyuma ya kiti cha msimamizi ulipakwa rangi nyeusi, na tangazo likatolewa kwamba kitu chochote cheupe kisiinuliwe hapo wakati msimamizi akiwa na miwani. Miwani yenyewe aliipenda, hakuirudisha. Meza ya kukunjia ilihamishiwa karibu na choo. Hakuna aliyefukuzwa kazi, jambo ambalo mkurugenzi alilitaja mara mbili.

Mashuka yaliyokwisha kuingiwa na picha yalikuwa kumi na sita, na yaliendelea kuzunguka kama mashuka mengine. Katika hospitali wagonjwa walizoea. Wauguzi walisema tu kwamba wanaolalia mashuka hayo hawatulii. Hujigeuza na kujigeuza, wakijitahidi wasiulalie mkono wake. Hospitali iliandika barua, si ya kulalamika, bali ya kuomba mashuka hayo yapelekwe kwa wagonjwa wasiotembelewa na jamaa, kwa kuwa hao hufurahia kuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Moja lilirudi limechanika. Kwa utaratibu, shuka lililochanika hukatwa matambara. Dada wa Chiriku aliliomba, akapewa kwa saini tatu. Mama yake alilitundika dirishani kama pazia, upande wa picha ukitazama barabara. Chiriku alisimama hapo mchana kutwa, akigeuza shingo, akiuliza swali lake. Majirani hawakujua kusoma midomo, lakini walipopita walimsalimia, wakamwambia amenenepa. Mama mtu alijifunza kusoma midomo kwa wiki moja. Alikaa nje kwenye kigoda, akainuka, akakaa, akainuka, na kila Chiriku alipofika kwenye neno lake la pili, yeye alilisema pamoja naye, polepole, kama anayemsaidia mtoto kusoma.

"Wewe?"

Jumatatu ya wiki ya saba bango lilisomwa kwa mara ya mia moja na tisa. Siku hiyo alikuwa ameanza kazi mwanamke mmoja wa makamo, mjane mwenye mikono mikubwa, aliyepangiwa mashine ya pasi. Namba za wafanyakazi hazitupwi. Alipewa iliyokuwa wazi. Akaambiwa alirudie bango, akalirudia kwa sauti nzuri: mfanyakazi namba arobaini na moja aliondoa kinga mwenyewe. Akaitazama namba kifuani pake. 

Mashine zikawashwa. Msimamizi alivaa miwani, magoti yakaanza. Dada wa Chiriku aliacha pembe zake mkononi mwa Mama Kanji, akatembea zile hatua, ambazo sasa zilikuwa ishirini na mbili, akasimama mbele ya mgeni mpaka nyuso zikaelekeana na midomo ikaonekana vizuri.

"Angalia kinga," alimwambia.

Mwanamke aliinama, akapitisha kidole chini ya ufito. Waya wa zamani ulikuwa umeondolewa. Huu uliofungwa ulikuwa mpya, mnene kidogo, wa aina isiyoshika kutu.