Shati Lililobanwa kwa Nyuma

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, mtaa mzima huwa na adabu kwa Fundi. Hata wale wanaopita mlangoni kwake mwaka mzima bila salamu, siku hizo humwita mama na kumuuliza mgongo unaendeleaje, kisha huomba gauni la binti liwe tayari kesho. Naye hujibu "Njoo kesho" kwa uso mkunjufu, akijua kabisa kwamba hata kitambaa hajakikata. Mafundi wote ni waongo wa tarehe, na yeye haoni haya kulisema hilo.

Mwaka huo, hata hivyo, alimaliza mapema. Siku mbili kabla ya sikukuu ilibaki nguo moja tu, ya jirani yake muuza mkaa, na jirani mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri kifungo cha mwisho.

Nyuma ya cherehani ya mguu yalipangwa maboksi matano: blanketi, redio, sufuria za kung'aa, feni, na cherehani ya umeme ambayo Fundi hakuwahi kuivua plastiki. Yote yalitoka kwa mwanawe wa pekee, aliyekuwa akibeba mizigo kwenye ghala la mji wa mbali. Krismasi tano zilikuwa zimepita, na kila moja ilileta boksi bila kumleta yeye. Fundi naye kila mwaka alimtumia shati, alilolishona kwa vipimo vya zamani vilivyomo daftarini: kifua inchi arobaini na mbili. Mteja yeyote angeitwa apimwe upya. Lakini mwanawe, Fundi aliamini anamjua.

Simu ikalia. Shati la mwaka huu lilikuwa limefika, na safari hii Fundi alikuwa amekataa maneno matupu, alitaka picha. Ikaja. Kijana amesimama ukutani na shati la buluu, anatabasamu, na chini ameandika: "Limenikaa barabara, mama. Zawadi yako iko njiani. Mwaka huu ni friji."

"Friji!" Jirani alipiga makofi. "Wewe umezaa! Wangu wanakuja kunimalizia unga na kunilalia kitandani."

Fundi hakucheka. Aliisogeza simu karibu na dirisha. Mikunjo ya kifuani haikushuka chini kama inavyoshuka kwenye nguo iliyotulia mwilini. Ilikimbilia ubavuni, kushoto na kulia. Miaka thelathini ya kazi ilimwambia maana yake. Shati lilikuwa limekusanywa mgongoni na kubanwa kwa vibanio, kama yeye mwenyewe anavyowabania wateja mbele ya kioo ili waone nguo itakavyokaa ikipunguzwa. Na mshono wa bega ulikuwa umeteremka hadi mkononi.

"Amekonda," alisema.

"Nani? Mbona shati limemkaa vizuri?"

"Limebanwa kwa nyuma. Mwanangu hali chakula."

"Sasa friji inatoka wapi?"

"Tumboni mwake."

Jirani akayatazama yale maboksi. Halafu akasema polepole, "Ni yale maneno yako, eh? Ya ile Krismasi."

Fundi alitamani jirani awe amesahau. Miaka sita nyuma, kijana alifika nyumbani na kibegi cha kwapani, akicheka tangu mbali. Baraza ilikuwa imejaa wanawake waliofuata nguo zao, na Fundi, ambaye ulimi wake hukimbia kuliko cherehani, akasema kwa sauti: "Watoto wa wenzangu wanakuja na mizigo, wangu kaja na meno!" Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Kijana naye alicheka. Kesho yake mchana akaaga, eti kazini wanamhitaji, na tangu hapo hakurudi.

"Mimi nilicheka kuliko wote," jirani alisema.

Alipoondoka na nguo yake, chumba kilikuwa kimya sana. Fundi aliona aibu, ile aibu ya kweli inayochoma masikio. Alikuwa ameyapanga yale maboksi mahali ambapo kila mteja angeyaona, na kila aliyesifia alimjibu, "Mwanangu ananijali." Mkono wake ukavuta kitambaa ili ashone shati jingine haraka, dogo zaidi. Akalishika daftari, akakumbuka kwamba hana kipimo chochote cha kukatia. Hakujua tena mwanawe ana ukubwa gani. Akakaa chini akalia.

Asubuhi ya Krismasi alichana anwani kutoka kwenye boksi la feni, akavaa futi yake ya kupimia shingoni kama siku zote, akapanda basi. Abiria walikuwa watatu tu. Wengine wote walikuwa wameshafika kwa watu wao. Njia nzima aliogopa jambo moja: asije mwanawe akamfungulia mlango kwa heshima tele, akamkaribisha kama mgeni.

Saa nane mchana alikuwa kwenye ujia mrefu wenye milango pande zote mbili. Kila mlango ulitoa muziki na vicheko isipokuwa mmoja. Akaubisha huo.

Kijana alifungua akiwa na fulana, mifupa ya shingo imetokeza. Nyuma yake palikuwa na godoro, ndoo na mashati sita yaliyopigwa pasi, yananing'inia kwenye misumari. Furaha ilimjia usoni, kisha hofu ikaifukuza.

"Mama! Ungeniambia! Sina hata soda humu ndani." Akachungulia ujiani. "Mizigo yako iko wapi?"

"Sina mzigo." Fundi alimwonyesha viganja vyake. "Mimi leo nimekuja na meno."

Kijana akainamisha kichwa.

"Nisamehe, baba. Nilitaka kuwachekesha watu, nikakufukuza."

"Nilishasahau, mama."

"Mtu aliyesahau hanunui friji. Irudi dukani, na wewe ule. Hata mwenye Krismasi yake alizaliwa hana kitu mkononi, na mama yake hakumuuliza mzigo."

Kijana akajifuta macho kwa kiganja.

"Haya, simama wima," Fundi alisema. "Panua mikono."

Akatii kama alivyokuwa akitii utotoni. Fundi akaivua futi shingoni, akaizungushia kifuani. Ili kuipitisha mgongoni ilimbidi amzungushe mikono yote miwili, jambo alilowafanyia maelfu ya wateja bila kuwaza chochote. Chini ya fulana alizihisi mbavu, moja moja. Futi ikakutana na namba yake. Fundi hakuitazama, wala hakuachia.

"Ngapi, mama?" kijana aliuliza baada ya kitambo.

"Tulia," alisema, uso wake ukiwa kwenye fulana. "Bado napima."