Nafasi ya Magdalena

Afra Aigner alikuwa na miaka thelathini na tatu Quirin alipomposa, na jibu lake lilikuwa, "Ngoja kwanza mchezo upite."

Quirin alielewa. Katika kijiji chao cha wachongaji, juu kwenye milima ya Bavaria, hakukuwa na asiyeelewa. Mchezo wa Mateso ya Bwana uliigizwa mara moja kila miaka kumi, kwa nadhiri iliyowekwa na mababu wakati wa tauni, na mwanamke aliyeolewa hakupanda jukwaani. Aliyepita miaka thelathini na mitano vilevile. Mchezo uliopita, Afra alikuwa mbadala wa mwigizaji wa Magdalena, wa kupanda endapo mwenyewe angeugua. Alijifunza maneno yote, na mwenye nafasi hakuugua hata mafua. "Zamu ijayo ni yako," walimwambia. Basi akangoja, na Quirin akangoja naye, akichonga malaika katika karakana ya mzee Korbinian, baba yake Afra, huku ndevu zikimshuka kifuani kama wanaume wote waliokwisha kuacha kunyoa kwa ajili ya mchezo.

Mwaka uliofuata, vuli ya kabla ya mchezo, majina yakaandikwa kwa chaki ubaoni, kijiji kizima kimesimama mvuani. Magdalena akawa Zenzi, binti wa mwoka mikate, msichana wa miaka kumi na tisa. Afra alisubiri mpaka ubao ukajaa. Jina lake lilikuwa chini kabisa, kwenye umati wa Yerusalemu.

"Usihuzunike, Afra," alisema mama yake Zenzi. "Umati nao unataka wenye sauti. Na wewe sauti unayo, tunakusikia ukigombana na kuku."

Watu wakacheka. Afra naye akacheka.

Quirin alimkuta karakanani, akifagia mahali alipokwisha kufagia.

"Sasa basi," alisema. "Jumapili twende kwa padri."

"Mchezo bado."

"Mchezo gani tena? Nilikuwa namngoja Magdalena, Afra. Siwezi kungoja mtu wa kupiga kelele 'asulubiwe' katikati ya mamia."

"Nikiolewa sasa watasema nimekosa jukwaa nikakimbilia mume."

"Waache waseme. Watachoka."

"Hawa? Huwajui."

"Nimezaliwa nao, nawajua. Ni wewe nisiyekujua."

Afra alitaka kumwambia asiondoke. Kilichomtoka kinywani kilikuwa kingine. "Kama una haraka, patasi zako zile pale."

Asubuhi Quirin alipita barabara kuu kidevu kikiwa cheupe, kimenyolewa. Kila aliyemwona alijua kwamba amejitoa mchezoni. Akapanda treni ya Munich.

"Mfuate, mwanangu," alisema mzee Korbinian.

"Atarudi mwenyewe, baba."

Alirudi kweli, mwezi wa Julai, na tiketi mkononi kama wageni wengine. Afra alimwona kutoka jukwaani, safu ya tatu, na kando yake mwanamke mwenye gauni la buluu na mimba iliyokwisha kujitokeza. Wakati wa mapumziko ya mchana wakamkuta Afra dukani kwa baba yake, mbele ya karakana.

"Wewe ndiye Afra?" mwanamke aliuliza kwa ukunjufu. "Mimi Traudl. Mume wangu anasema hakuna kondoo wa mbao kama wa baba yako. Tunataka mmoja wa mtoto. Na wewe unaigiza?"

"Naigiza."

"Kama nani?"

"Umati."

"Aa. Mko wengi mno, sikukuona."

Alisema bila ubaya wowote. Alipotoka nje kuwatazama farasi, Quirin akabaki na kondoo wake mkononi.

"Ungeningoja," Afra alisema.

"Nilikaa mpaka Krismasi nikidhani utanifuata. Treni ipo kila siku." Alisita kidogo. "Kila siku, Afra."

Kengele ikalia kuwaita waigizaji. Afra akavaa shuka lake la Yerusalemu, akasimama katikati ya wenzake, na Pilato alipouliza, akafungua mdomo pasitoke kitu. Alijaribu tena. Kelele ya wenzake ikapanda kama siku zote, kubwa, ikagonga paa, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Upande wa pili Zenzi alikuwa akilia vizuri sana.

Jioni alimpakulia baba yake supu.

"Nasikia Quirin alikuja," mzee alisema.

"Alinunua kondoo."

Mzee Korbinian aliweka kijiko chini. "Nilikuambia umfuate."

"Uliniambia, baba."

Mzee akashika tena kijiko. Afra akakaa mbele ya bakuli lake mpaka mafuta yakaganda juu. Kesho kulikuwa na onyesho, na keshokutwa pia, na baada ya hapo miaka kumi mingine, na mwisho wake atakuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano ambaye hata umati haumtaki. Alichukua mabakuli yote mawili, akaenda kuyaosha.