Yangeyange wa Tindiga la Mbaha

Ottilia alipiga magoti kwenye tope la tindiga la Mbaha, kinamasi kilicho kando ya ziwa, kanga kichwani, akapima mwanga juu ya mgongo wa yangeyange. Jua lilikuwa kali, maji yakimeremeta kama bati jipya, na ndege mweupe kwenye jua la namna hiyo huungua kwenye filamu. Akapunguza mwanga, akapiga picha. Hakuwa mgeni wa kazi. Studio yake ilikuwa Mbamba Bay. Bwana Cuthbert, meneja wa mwekezaji aliyepewa tindiga lile mwaka uliopita, alitaka picha za ndege kwa ajili ya kalenda ya watalii.

Picha ziliposafishwa Songea, zilirudi na watu. Matete yalikuwa pale pale, maji pale pale, lakini kila aliposimama yangeyange palikuwa na mtu ameinama akipandikiza mpunga. Walikuwa wale wakulima waliohamishwa tindiga lilipopewa mwekezaji. Katikati yao alikuwa mama yake, Gaudiosa.

Ottilia akasonya. Akarudi, akabadili lenzi. Watu tena. Safari hii mama yake alikuwa amekinga macho kwa mkono.

Jumapili akapanda mlimani Kitura, alikohamia mama, kwenye kipande cha kuazima katikati ya mibuni ya watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho kioo chako kinanimulika machoni, mwanangu. Simama upande mwingine."

"Mama, mnaniharibia kazi. Wanataka ndege."

"Na sisi tunataka mpunga," Gaudiosa akasema, akiendelea kuchambua maharage. "Tunashuka asubuhi, jioni tunapanda. Nani mwingine atapalilia?"

Ottilia hakuwa na picha nyingine za kupeleka, akapeleka hizo hizo. Bwana Cuthbert akazitazama moja moja.

"Hawa tuliwatoa. Wamerudi lini?"

"Hao ni yangeyange, bwana."

"Basi watolewe."

Mgambo wakaingia tindigani na fimbo na mawe. Walikuta ndege, wakafanya walivyoagizwa. Kwa muda anga lilikuwa jeupe juu ya ziwa, kisha likabaki tupu.

"Sasa piga," Bwana Cuthbert akasema.

Ottilia akapiga. Maji, matete, mwanga usio na dosari. Hakuwahi kupiga picha safi kama zile, na alitamani kuzichana. Kalenda ikachapishwa hivyo hivyo, chini yake pameandikwa: Makao ya Ndege.

Alipopanda tena Kitura alimkuta mama yake ametumbukiza mguu kwenye beseni la maji ya moto. Ugoko ulikuwa umevimba.

"Jiwe la yule mgambo mrefu," Gaudiosa akasema.

Ottilia akachuchumaa, akachukua kitambaa, akaanza kumkanda. Alikuwa na hasira, akakosa wa kumtupia.

"Wewe umetoka huko. Mpunga umeshachanua?"

Tingatinga lilikuwa limefukia mifereji yote, na seng'enge imefika hadi ufukweni.

"Bado, mama."

"Afadhali," Gaudiosa akasema. "Utakapochanua, mguu utakuwa umepona."