Njia Aliyoifagia Cheptanui

Kwao Cheptanui, mgeni hapitishwi njia chafu. Ndiyo maana asubuhi ile, kabla hata ya kukamua, alishika ufagio wa matawi akashuka kwa uwanja wa mawe meusi chini ya mlima wa volkano wa Menengai, mahali mjukuu wake Jepkemei na wenzake walikuwa wakijaribia roboti ya kupelekwa mwezini. Akafagia. Mawe madogo akayasukuma kando, makubwa akayabingirisha. Kitu chenyewe kilikuwa na magurudumu sita na shingo nyembamba kama ya korongo. Kisije kikajikwaa mbele za watu.

Saa nne, watu wakiwa wamekusanyika, Jepkemei akamweleza bibi yake. "Gogo, jana tuliizungusha hapa ikayakariri mawe yote. Leo inapita peke yake, na akili yake yenyewe. Hakuna kuigusa, hakuna kuielekeza. Ikifika kwa ile bendera kabla ya saa sita, inaenda mwezini. Isipofika, watachukua roboti ya kundi lingine, na miaka yetu minne imeenda na maji."

"Imeyakariri mawe," Cheptanui alisema polepole.

"Moja moja."

Bibi akayatazama mawe aliyoyabingirisha.

Roboti ilienda kama hatua ishirini, ikasimama. Shingo ikageuka kulia, ikageuka kushoto. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Ngigi, msimamizi wa jaribio, akaangalia saa yake.

"Jepkemei, mtoto wako amelala."

"Anafikiria."

"Hata mimi mahubiri yakiwa marefu hufikiria hivyo hivyo."

Watu wakacheka. Jepkemei hakucheka. Hapo Cheptanui hakuweza kunyamaza tena.

"Boss, usimlaumu msichana. Ni mimi nilifagia hapo. Nilidhani ninapokea mgeni."

Ngigi akatazama alama za ufagio mchangani, kisha akamtazama yeye. "Mathe, umefagia mwezi?"

"Nusu tu. Mgongo ulikataa."

Jepkemei akafunika uso. Ngigi akatikisa kichwa. "Pole, lakini sheria ni sheria. Huko juu pia, kitu kikibadilika, hakuna wa kuipigia simu."

Hapo roboti ikarudi nyuma kidogo. Ikasogelea jiwe kubwa alilolibingirisha Cheptanui, ikalitazama upande huu, ikazunguka ikalitazama upande ule, kama mtu aliyekutana na jirani mjini akiwa na nguo za kigeni.

Jepkemei akainamia kompyuta. "Inafuta ramani ya jana," akasema kwa sauti ndogo. "Inachora nyingine."

"Nani ameiambia?"

"Hakuna mtu, Gogo."

Cheptanui akasogea hadi karibu na bendera, aione vizuri. Ikasikika milio ya magurudumu juu ya changarawe. Roboti ilisonga, ikasita, ikapima, ikasonga tena. Aliwaza kule inakotumwa, kusiko na njia wala mtu wa kuuliza, nayo imesimama peke yake na kupotea kwake, ikitafuta la kufanya.

Dakika saba kabla ya saa sita ilipanda kuelekea kwenye bendera, mahali aliposimama yeye. Miaka mingi sasa watu ndio humpisha Cheptanui, kwa umri wake. Alikusanya pindo la leso yake, akatoka njiani, akaipisha.